Ziwa Jipe: Wangojao Vuli Kati ya Matete

Vitabu vya shule vimetuzoesha jambo moja la ajabu. Mtoto akisoma habari za Ulaya, kwamba kuna msimu ambao majani ya miti hugeuka rangi ya dhahabu kisha yakapukutika, mwalimu humwambia kuwa msimu huo kwa Kiswahili ni vuli. Kamusi nazo zamuunga mkono mwalimu. Basi mtoto wa Voi au wa Taveta atokapo darasani mwezi wa Novemba huona kinyume cha alichokisoma. Mibuyu iliyokuwa mitupu miezi mingi imevaa majani, na vichaka vya miiba, vilivyokuwa kama kuni zilizochomekwa ardhini, vimechipuka kwa muda wa siku chache tu. Vuli ya kamusi huivua miti nguo, na ile ya nyumbani huivisha.

Pwani tuna hesabu yetu ya mambo haya. Mwezi mwandamo hauwezi kutuambia mvua itanyesha lini, kwani Ramadhani iliyoingia Oktoba mwaka 2005 imekwisha kuhama, ikapita misimu mingine. Ndiyo maana wazee wetu, mabaharia kwa wakulima, waliweka kando ya mwaka wa Kiislamu mwaka wa jua, wakaanza kuhesabu toka Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36 na siku 5 za kumalizia. Hesabu ikifika mwongo wa nane au wa tisa, kusi imekwisha kulegea, bahari imetulia, matlai yameingia, na kila mwenye shamba aanza kutazama mawingu.

Nimeyataja haya kwa sababu nataka kuwaeleza wasomaji habari za watu wasio na bahari wala jahazi, lakini nao ifikapo Oktoba hukaa wakatazama mawingu kama sisi, tena kwa hofu kubwa zaidi. Hao ni watu wa kando ya Ziwa Jipe, upande wa Taveta, mahali ambapo kaunti ya Taita Taveta inakutana na Tanzania. Wengi wetu twalijua ziwa hili kwa jina tu, kama tulijuavyo jina la jamaa wa mbali ambaye hatujapata kumtembelea.

Njia ya kwenda

Atokaye Mombasa hupanda basi, au tangu mwaka 2017 gari-moshi la reli mpya, akashuka Voi. Hapo aiacha njia kuu ya Nairobi na kuelekea magharibi, akapita Mwatate, Bura na Maktau. Kulia na kushoto ni mbuga ya Tsavo, ambayo pamoja na ndugu yake ya mashariki imechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti nzima. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1948, na toka hapo Mtaita na Mtaveta wamekuwa wakiishi kama mtu aliyepangishwa chumba katika nyumba ambayo ndovu ndio wenye sebule.

Pembeni ya njia ipo reli ya kale, iliyotandikwa upesi upesi na Waingereza mwaka 1915 na 1916, wakati wa Vita Vikuu vya kwanza. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuiteka Taveta mwezi Agosti 1914, na jeshi la Kiingereza lilihitaji maji na risasi ziwafikie askari. Nchi ile haina maji, na vita vyenyewe vilipiganwa kwa kugombea visima kama vilivyopiganwa kwa kugombea vilima. Katika kilima cha Salaita, mwezi Februari 1916, walikufa vijana wengi waliotoka Afrika ya Kusini bila hata kujua jina la mahali walipofia.

Mtu akishaipita Salaita huona ajabu. Nchi iliyokuwa kavu kama ngozi ya ngoma ghafla yageuka kuwa kijani. Migomba, miembe, mifereji ya maji. Hii ndiyo Taveta, na maji yake si ya mvua ya pale. Yatoka chini ya Kilimanjaro. Mvua hunyesha juu katika msitu wa mlima, ikanywewa na mchanga na mawe ya volkano, ikapita gizani, kisha ikachomoza chini katika chemchemi kama Njoro Kubwa. Watu wengi huamini kuwa chemchemi hizi hulishwa na theluji ya kileleni. Wataalamu wa maji wasema hapana, theluji huchangia kidogo sana, na mlishaji mkubwa ni ule msitu. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila tusikiapo kilio cha theluji inayoyeyuka huku misumeno ikiendelea kunguruma msituni.

Kusini ya mji, chini kabisa, ndiko liliko ziwa.

Sahani na kisima

Taveta ina maziwa mawili, na hayafanani hata kidogo. La kaskazini ni Challa, shimo la volkano lenye kuta zilizosimama wima, maji yake ya buluu nzito, kina chake chapita mita 90. Jipe ni kinyume chake. Ni sahani. Eneo lake ni kama kilomita 30 za mraba, lakini kina chake hakifiki mita 3, na pengi mtu mrefu angesimama kichwa chake kikawa nje, kama si kiboko na mamba. Ng'ambo, upande wa Tanzania, milima ya Upare wa Kaskazini yasimama karibu sana, hata alasiri kivuli chake huonekana kama kinataka kulifunika ziwa. Asubuhi, kabla ya mawingu, Kilimanjaro hujitokeza upande wa kaskazini-magharibi.

Maji huletwa na mto Lumi utokao mbavu za mashariki za Kilimanjaro, na vijito vya Upare. Yatokayo huenda na mto Ruvu, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa na Tanzania katika miaka ya 1960, kisha yakashika njia ya Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kwa hivyo yule mvuvi wa Pangani mjini atupaye mshipi wake mdomoni mwa mto, maji yaliyomgusa miguu huenda yamepita Jipe. Sahani haina akiba. Shimo kama Challa likikosa mvua mwaka mmoja halishtuki sana. Jipe hushtuka. Jua la Septemba hulinywa mchana kutwa, na kila shubiri moja ya maji ipunguayo huacha nyuma yake ardhi pana ya tope.

Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Jipe huchukua miezi kupwa, na kujaa kwake ni kwa majaaliwa.

Siku za Septemba na Oktoba

Wakaao hapo ni Wataveta, Wapare, Wakamba na watu wengine waliofuata samaki. Mvuvi huamka kabla ya alfajiri. Chombo chake ni mtumbwi, na mara nyingi hautumii kafi bali upondo, kwa kuwa maji ni machache na tope ni nyingi. Lakini kabla ya kufika penye maji ana kazi nyingine, nayo ndiyo kiini cha habari hii. Ukingo wa ziwa umezibwa na matete. Haya si matete machache ya kupendeza kama yale yachorwayo kwenye kalenda. Ni ukuta unaomzidi mtu kimo, wenye masuke ya kahawia yaliyonenepa kama mishumaa, umesongamana mpaka upepo wenyewe hupita kwa shida. Mvuvi hupita katika kichochoro alichokikata yeye na wenzake kwa panga. Upana wa kichochoro ni upana wa mtumbwi. Mbele hakuonekani, na humo humo ndimo apitamo kiboko arudiye kutoka malishoni.

Watu wa pwani twajua hatari za bahari, dhoruba na miamba. Huku hatari hukaa kimya majini ikipumua. Mvuvi huyo hana injini ya kumtorosha wala nafasi ya kugeuza chombo. Husikiliza tu. Akisikia maji yakichezwa mbele husimamisha upondo, akangoja, akasoma dua aijuayo.

Nyavu huwa zimetegwa jioni. Zitolewapo huwa na kambale, na huwa na perege. Kati ya perege yumo mmoja ambaye wavuvi humwita asilia, samaki asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika maji ya bonde hili la Pangani. Wataalamu wa ulimwengu wamekwisha kumwandika katika orodha ya viumbe walio karibu mno kutoweka. Jina la mahali limo hata katika jina lake la kitaalamu, ambalo mwisho wake ni hilo hilo neno jipe. Adui zake ni nyavu za matundu madogo zinazokamata watoto kabla hawajazaa, na samaki wageni walioletwa katika maji ya bonde hili wakachanganyika naye. Mvuvi mwenye watoto wanne na unga uliokwisha ndani hawezi kulaumiwa peke yake kwa matundu ya wavu. Lakini wavu wenyewe haujui kusamehe.

Lazima niseme neno juu ya ubaguzi wetu. Mtu wa Mombasa au wa Lamu akiletewa samaki wa maji matamu huukunja uso, akasema ananuka tope, hana utamu, ni kama kula pamba. Kambale ndiye adharauliwaye zaidi, kwa masharubu yake na ngozi isiyo na magamba. Walakini kambale aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akabanikwa taratibu juu ya moshi, kisha akapikwa kwa nazi na ndimu, na nazi hiyo imetoka huku kwetu, huyo ni kitoweo cha mgeni wa heshima. Aliyekwisha kumla namna hiyo na akaendelea kumdharau ana jambo jingine moyoni, si ulimi.

Kazi ya kubanika na kuanika ni ya kina mama, na Oktoba jua huwasaidia. Baada ya hapo ni soko. Taveta siku zake ni Jumatano na Jumamosi, na siku hizo mpaka hauonekani. Watu wa Tanzania huja na mahindi, maharage na vitunguu, wa ziwani huja na samaki, wa mifereji huja na ndizi. Mnunuzi huinama juu ya ungo.

"Mama, huyu wa lini?"

"Wa jana, baba. Mnuse mwenyewe."

"Ananuka moshi."

"Ndiyo dawa yake hiyo. Ungetaka anuke nini?"

Na bei huteremka kidogo, si sana.

Jioni huwa ngumu zaidi. Mwisho wa kiangazi mabwawa ya Tsavo hukauka, nao ndovu huteremka ziwani kunywa. Wao hawajui mpaka wa mbuga ni upi. Njia yao hupita mashambani, na shamba la mtu ni mlo wa usiku mmoja. Wafugaji nao huleta ng'ombe, kwa kuwa maji ni haya haya. Hapo hutokea ugomvi wa mkulima na mfugaji, ugomvi wa kale kuliko Kenya. Wanavyuoni wetu wa fiqhi wameandika milango mizima juu ya haki ya kiumbe kunywa, nani aanze, nani afuate, na mnyama ana fungu gani. Walioandika walikuwa watu wa nchi kavu, walijua wanachokisema. Usiku watoto wakubwa hulala kwenye dungu la shamba na madebe ya kupiga, na mama hulala jicho moja.

Kituo cha misafara

Wala tusidhani kuwa mahali hapa na sisi hatujuani. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili iliyotoka Mombasa, Vanga na Pangani ilikuwa na kituo kimoja cha kupumzikia kabla ya kuingia nchi ya Wamasai, nacho ni msitu wa Taveta. Ndani ya msitu ule mlikuwa na maji, ndizi na amani. Wapagazi walikaa majuma wakitunga shanga kwenye nyuzi, maana Mmasai hakuzipokea shanga za kumwagwa, alitaka zimekwisha kutungwa kwa mtindo wake. Fikirini safu za watu wa pwani chini ya miti, mmoja akitunga, mwingine akikariri juzuu yake, wa tatu akisimulia habari za mkewe aliyemwacha Mji wa Kale.

Wazungu walifuata njia hizo hizo. Mwaka 1861 Mjerumani von der Decken na Mwingereza Richard Thornton walipita Jipe wakielekea Kilimanjaro. Mwaka 1883 alikuja Joseph Thomson, na mwaka 1887 Teleki wa Hungaria. Hao wawili wa mwisho walisaidiwa sana na mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta, aliyeijua bara kama kiganja chake. Vitabu vimewapa Wazungu sifa ya kugundua. Jumbe alikuwa amekwisha kupita, akanunua, akauza, akarudi kwao.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa London wakagawana nchi, na katika maandishi yao Jipe lilitajwa kwa jina. Mstari ulitoka mdomo wa mto Umba karibu na Vanga, ukaja moja kwa moja hadi ziwani, ukazunguka ukingo wake. Baadaye mpaka uliingia ndani ya maji, na leo ziwa ni la nchi mbili. Samaki aliyezaliwa Kenya asubuhi huvuliwa Tanzania jioni. Mvuvi aliyesukumwa na upepo huweza kujikuta ni mgeni asiye na kibali. Serikali zote mbili zilitia saini mwaka 2013 makubaliano ya kuyatunza pamoja maziwa ya Challa na Jipe na mto Umba. Karatasi ni njema. Lakini matete hayasomi, na kila mwaka yasonga mbele hatua chache zaidi kuelekea katikati.

Tope limetoka wapi?

Matete hayakuja kwa bahati mbaya. Mmea huu hupenda maji mafupi na tope lenye mbolea. Kila mvua kubwa inyeshapo juu ya mashamba yaliyofyekwa miti, mlimani kwa upande wa Kilimanjaro na kwa upande wa Upare, udongo huteremka na mito ukalala ziwani. Ziwa likapungua kina. Pale ambapo jana mtumbwi ulielea, leo pana tope, na kesho patakuwa na shina la tete. Shina likishasimama hunasa udongo mwingine. Huko juu nako maji ya chemchemi na ya Lumi huchotwa na mifereji kabla ya kufika, na yanayofika wakati wa kiangazi ni masalio.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa. Ndizi zile za Taveta zimejaa Kongowea. Mkungu uliosimama sokoni Mombasa ni maji ya Kilimanjaro yaliyogeuzwa chakula, na sehemu ya maji hayo yalikuwa yaende Jipe. Tena tangu miaka ya 1950 Mombasa inakunywa maji ya Mzima, chemchemi iliyo ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Taita Taveta, yaletwayo kwa mabomba yakipita vijiji ambavyo vingi vyao bado hubeba ndoo kichwani. Mzima na Jipe si maji mamoja, la kwanza latoka vilima vya Chyulu. Lakini malalamiko ya Wataita juu ya bomba ni yale yale ya mvuvi juu ya mfereji: yapitayo mlangoni pako si yako. Sisemi tuache kula ndizi. Mkulima wa Taveta naye ana watoto, na mfereji wake ameuchimba kwa jasho. Nasema tu kwamba anayekula ndizi ana haki ya kuulizwa habari za ziwa.

Miaka ya karibuni imekuwa ya kutisha. Kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya bara kavu ya Kenya. Mwaka huo wa 2022, kati ya Februari na Oktoba, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa kwa ukame nchini, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Misikitini tulitoka viwanjani kuswali swala ya istisqa, tumegeuza nguo zetu kama sunna ilivyo. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko ya El Nino, barabara zikakatika, mashamba yakazama. Ilikuwa hivyo hivyo mwaka 1997, na tena 2019. Mtu wa Voi, ambaye mvua yake ya mwaka mzima haifiki milimita 600 na sehemu kubwa huja Novemba na Desemba, hujikuta akiomba mvua na kuiogopa katika pumzi moja.

Wageni kutoka kaskazini

Nilianza na majani ya Ulaya, na yapo mambo ya msimu ule wa Ulaya yanayofika huku kweli. Kule baridi ianzapo, ndege hufunga safari. Oktoba mbayuwayu hujaa juu ya Jipe wakinyakua wadudu. Novemba na Desemba, katika hoteli ya Ngulia iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, ukungu wa usiku hutanda juu ya kilima, na ndege wasafiri kwa maelfu huvutwa na taa. Tangu mwaka 1969 wataalamu na wanaojitolea hukesha pale, wakiwakamata kwa nyavu nyepesi, wakawavisha pete ndogo yenye nambari mguuni, wakawaachilia. Wengine wameonekana baadaye mbali kabisa, mpaka Urusi. Ndege mwenye uzito wa sarafu chache avuka Bara Arabu na bahari kwa kumtegemea Aliyemuumba, bila pasi ya kusafiria.

Na Challa nalo lina kumbukumbu yake. Katika sakafu ya ziwa lile tope hulala kwa matabaka membamba, jeupe na jeusi, moja baada ya moja. Tabaka jeupe ni magamba ya viumbe vidogo vya majini visitawivyo wakati wa upepo na ukavu. Jeusi ni la mvua. Mwaka wenye kiangazi kikali na upepo mwingi huacha tabaka jeupe nene. Wataalamu wamesoma matabaka hayo kama msomaji afunuavyo juzuu. Mwaka 2016 walitoboa sakafu na kutoa tope la urefu wa zaidi ya mita 200, lenye habari za miaka ipatayo 250,000. Humo imeandikwa kila vuli iliyokuja na kila vuli iliyokosa, tangu kabla hajawako mtu wa kuipa jina.

Watu wa Jipe hawangoji kusoma tope. Mwishoni mwa Oktoba mashamba yamekwisha kutifuliwa, na wengine hupanda mahindi na kunde katika ardhi kavu kabisa, wakitegemea. Ni kamari, kwani mvua ikichelewa mbegu huliwa na wadudu, na mbegu nyingine hununuliwa kwa mkopo. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya Upare. Huonekana mazito, huonyesha radi, kisha hubaki huko huko ng'ambo, yakawanyeshea majirani. Siku kadhaa hupita hivyo. Kina mama huacha ungo nje na kuutoa tena ndani, vijana hutazama juu bila kusema.

Halafu usiku mmoja hushuka. Harufu ya vumbi lililolowa huingia ndani ya nyumba kabla ya sauti ya matone. Asubuhi kumbikumbi huwa wamejaa hewani, watoto wawafukuza kwa vitambaa, na barabara imekuwa tope. Baada ya siku chache Lumi huleta maji mekundu. Kambale huliacha ziwa na kuingia katika majani yaliyofurika, kwenda kutaga, na hata mtoto huweza kumshika kwa kikapu. Matete yaliyong'olewa na mafuriko huelea kwa mafungu, yakasukumwa na upepo, yakaziba tena vichochoro vyote vilivyokatwa wakati wa kiangazi. Mvuvi afikapo pwani ya ziwa hakuti njia aliyoiacha. Huuweka upondo chini, akavua shati, akashika panga, akawaita wenzake, wakaanza kukata upya.